Chipukizi Mwenye Mvi

Gazeti ndilo lililoanza. Bila gazeti, asubuhi ile ya Jumatatu tungekunywa kahawa yetu tukamaliza, kila mtu akaenda kufungua banda lake, na dunia ingeendelea kuzunguka vilevile. Lakini Karani alikuwa nalo, na Karani akishika gazeti hawezi kulisoma peke yake kama binadamu wengine.

"'Waajiri wachoka na vyeti!'" akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza vita. "'Sasa wataka kuona kazi. Wanafunzi wa vyuo wahimizwa kuandaa potifolio tangu mwaka wa kwanza!'"

Kijiwe chetu ni mabenchi mawili yanayotazamana mbele ya banda langu. Mimi ni fundi viatu, wananiita Gundi. Katikati ya mabenchi anakaa Shangazi na birika lake. Hata wanaomzidi umri wanamwita Shangazi, kwa sababu ukimwita jina lingine kahawa yako inakuja imepoa. Karani ni mstaafu, aligonga mihuri ofisini miaka thelathini na mpaka leo anaongea kama anagonga.

"Potifolio?" akauliza Kinyozi, ambaye banda lake limepakana na langu. "Si kuna chanjo yake? Mimi nilichanjwa nikiwa mdogo."

"Hiyo ni polio, wewe!"

"Basi hii itakuwa ndugu yake."

"Potifolio," Karani akakunja gazeti ili atoe mhadhara, "ni mkusanyo wa kazi zako mwenyewe. Ulichokifanya, picha zake, maelezo yake. Mtu akikuuliza unajua nini, humpi cheti. Unamwonesha."

"Aa, hapo sasa mmeharibu dunia," Kinyozi akasema. "Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu anayezunguka na picha za kazi zake, ujue kazi zake zimeshindwa kutembea zenyewe."

"Wahenga hawakuwahi kuomba kazi na watu mia nne kwenye foleni."

"Ungemwona Brashi akizunguka na picha? Kila ukuta wa mitaa hii ameuandika yeye!"

Tukageuka wote kumtazama Brashi. Alikuwa amekaa pembeni, kikombe mkononi, mkoba wa mwanafunzi mgongoni kama gamba la kobe. Brashi ni mchora mabango. Ana miaka arobaini na sita, na mwaka ule ndio alikuwa ameanza chuo cha usanifu wa picha na maandishi, mwaka wa kwanza kabisa, darasa moja na vijana waliozaliwa yeye akiwa tayari baba wa watoto wawili. Ng'ambo ya barabara lilifunguliwa duka lenye mashine ya kuchapa mabango ya plastiki, na tangu hapo watu wakaacha kumwita. Sisi tulidhani atanung'unika kama wengine. Yeye alisema neno moja tu: "Mashine ikinishinda, si niende nikaijue?" Kesho yake akajiandikisha.

"Brashi, mbona kimya?" Shangazi akauliza.

"Hiyo potifolio," Brashi akasema polepole, "ninayo. Inatakiwa Ijumaa."

Kijiwe kikalipuka.

"Wee! Unayo na unatuacha tunabishana hapa na polio?"

"Toa tuione!"

Akatoa simu shingo upande. Tukabanana vichwa vinne juu ya kioo kimoja. Ilianza na picha yake mwenyewe: koti, tai nyekundu, mikono imekunjwa kifuani, nyuma yake maghorofa ya vioo ambayo hayapo popote katika mji huu.

"Hee!" Kinyozi akaruka. "Unagombea udiwani?"

"Hiyo tai ya nani?"

"Ya kwenye kompyuta. Nimebandikiwa."

"Na shingo?"

"Shingo ni yangu, bwana!"

Karani akavaa miwani na kusoma maandishi ya chini yake. "'Mimi ni mbunifu chipukizi, kijana mwenye shauku na ndoto kubwa...'" Akanyanyua macho. "Chipukizi?"

"Na mvi zote hizo!" Kinyozi akashika mbavu. "Mimi ndiye ninayezinyoa! Brashi, wewe si chipukizi, wewe ni gogo!"

Tulicheka mpaka mteja aliyekuwa anakuja kuchukua viatu vyake akageuza njia. Ila Shangazi hakucheka. Aliichukua simu, akafuta kioo kwa ncha ya khanga, akaitazama ile potifolio ukurasa baada ya ukurasa, mpaka mwisho.

"Maua," akasema. "Chupa ya manukato. Kikombe kinachoelea angani. Brashi, baba, kazi zako ziko wapi?"

Brashi akanywa kahawa iliyokwisha. "Shangazi, wenzangu wana tovuti nzima. Ukigusa, mambo yanaruka, yanazunguka, muziki unapiga. Mimi nikapewa kiolezo na kijana mmoja wa darasani, akaniambia badilisha jina tu. Nikabadilisha jina."

"Kwa hiyo hii ni potifolio ya kila mtu."

"Ndiyo. Na mwalimu ameiona juzi." Akainamisha kichwa. "Ni mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, lakini ana jicho. Akaniambia, 'Mzee wangu, sikuoni humu.' Asiyeleta ya kwake Ijumaa haendi mwaka wa pili. Mimi nimeshaamua. Siendi hiyo Ijumaa. Nimejaribu, basi."

Hapo kicheko kikatuishia. Kinyozi, aliyekuwa amecheka kuliko wote, akaanza kujikung'uta nywele za wateja ambazo hazikuwepo.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akasema kwa sauti ya chini.

"Koleo halijavunjika. Mhunzi ndiye kavunjika," Brashi akajibu.

"Sikiliza," Shangazi akasema. "Wewe umeandika mitaa yote hii. Toka, zunguka, piga picha, peleka."

"Makosa yale? Shangazi, mabango yangu ya zamani herufi zinaanza kubwa zinamalizikia kwenye kona zimebanana kama abiria. Pale kwa Kinyozi nimeandika 'Kinyozi wa Kisas' na 'a' ikakosa nafasi!"

"Ndiyo maana watu wananiogopa!" Kinyozi akasema. "Mwaka wa nane huu nalipiza visasi nisivyovijua!"

"Mficha uchi hazai," Shangazi akasema, na aliposema hivyo alikuwa tayari anafunika birika. "Kesho saa kumi, kazi ikipungua, tunazunguka wote. Gundi, wewe simu yako ina kamera nzuri."

Haikuwa ombi. Shangazi akisema kesho, hata jua linajua.

Jumanne saa kumi tukatoka wanne, Karani akibaki kulinda birika, jambo alilolifanya kwa fahari ya mlinzi wa benki. Tukaanza. Lango la mwenye bucha: "MBWA MKALI", na mbwa aliyechorwa anatabasamu. Piga picha. Ukuta wa ghala: "NI MARUFUKU KUKOJOA HAPA", na mtu mmoja anakojoa palepale chini ya herufi.

"Bwana, hujui kusoma?" Kinyozi akamfokea.

"Najua," yule mtu akajibu bila haraka. "Imeandikwa vizuri sana."

"Umesikia, Brashi? Sifa hiyo. Gundi, piga!"

"Ngoja kwanza amalize."

Brashi akaanza kuchangamka. Akawa anatueleza: herufi hii ilimsumbua siku mbili, rangi hii aliichanganya mwenyewe kwa sababu dukani haikuwepo, ngazi ilimwangusha akiwa anamalizia "I" ya gereji ndiyo maana ina mkia. Nilikuwa namjua miaka yote hiyo na sikuwahi kumsikia akieleza kazi yake. Nadhani hata yeye hakuwahi kujisikia.

Tukafika njia panda. Shangazi akakata kulia.

"Huko hapana," Brashi akasema.

"Kwa nini?"

"Huko hakuna kazi yangu."

"Bango la zahanati si liko huko? Nani aliliandika?"

Brashi akasimama kama aliyepigiliwa msumari. Ndipo nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kukitilia maanani: Brashi anakaa nyuma ya zahanati, lakini kila jioni anaenda nyumbani kwa kuzungukia sokoni. Njia ndefu mara mbili. Siku zote tulidhani anapenda matembezi.

"Twende," Shangazi akasema taratibu, akamshika mkono kama anavyoshikwa mtoto kuvushwa barabara.

Bango liko kwenye kona, ubao mkubwa mweupe: "ZAHANATI", msalaba mwekundu, na mshale mnene uliokwenda kushoto. Zahanati iko kulia. Kushoto, hatua ishirini, ni karakana ya Seremala, ambaye kazi yake kubwa ni majeneza.

Seremala alikuwa nje anapiga randa. Alipotuona akacheka. "Brashi! Leo umepotea njia? Karibu, kila anayepotea hufika kwangu!"

"Ilikuwaje?" nikamuuliza Brashi.

"Niliuchorea nyumbani," akajibu bila kuuangalia ubao. "Mshale niliuchora sawasawa, kwa hesabu ya upande ule wa barabara. Wao wakaja kuupigilia upande huu. Nilipouona ulikuwa umeshakauka na mgeni rasmi ameshakata utepe."

"Na ukanyamaza?"

"Nikasema nitarekebisha kesho. Kesho nikaona aibu. Kesho kutwa nikaona aibu ya kuchelewa. Sasa ni miaka sita."

"Mbona sisi hatukuwahi kusema?" Kinyozi akauliza.

"Sisi wote tunajua zahanati iko wapi," nikamjibu. "Nani wetu huwa anasoma bango?"

"Wanaosoma ni wageni," Seremala akasema akipangusa vumbi la mbao. "Juzi kaingia mzee, ananiambia kiuno kinamuuma. Mimi nilijua ni mteja. Nikachukua futi nikaanza kumpima. Urefu, mabega. Ananiuliza, 'Daktari, hali yangu vipi?' Namwambia, 'Usijali, tutakutengenezea sanduku jipya la mninga.' Alitoka mbio, kiuno kimepona!"

Tulicheka mpaka Kinyozi akakaa chini. Hata Brashi alicheka, mkono mdomoni. Na tukiwa bado tunacheka, akatokea mama mmoja, hatumjui, mtoto amemlalia begani, shingo ya mtoto imelegea. Alikuwa anakimbia nusu, anatembea nusu. Akatazama bango. Akafuata mshale. Akaingia kwa Seremala.

Tulimwona akisimama mlangoni. Mbele yake yalikuwa yamepangwa, makubwa kwa madogo. Yule mama akamkumbatia mwanawe kwa mikono yote miwili, akarudi nyuma hatua moja, mbili, na sauti iliyomtoka haikuwa neno.

Brashi alishafika. Sijui alikimbia saa ngapi. "Si hapa, mama. Si hapa, nisamehe, ni huku, nifuate." Akampokea mtoto, akavuka naye barabara bila kutazama magari, mkoba ukimpigapiga mgongoni, mama nyuma yake. Sisi tulibaki pale kwenye kona. Seremala akachukua turubai, akaanza kuyafunika majeneza yale madogo, hakuna aliyemwomba.

Baada ya nusu saa Brashi akarudi.

"Homa kali," akasema. "Wamempa dawa, ameanza kulia. Muuguzi anasema akilia ni vizuri." Akaliangalia lile bango, safari hii kwa macho mawili. "Seremala, niazime nyundo. Upande wa kucha, wa kung'olea misumari."

Jumatano hakuonekana kijiweni. Karani akasema ameacha chuo. Kinyozi akasema amehama mji. Shangazi akasema tunyamaze tunywe. Alhamisi mchana nikapata kiatu cha kushonwa cha muuguzi wa zahanati, nikaamua kukipeleka mwenyewe, mimi ambaye wateja wangu hunifuata tangu nianze kazi.

Nikamkuta Brashi kwenye ile kona, ana rangi mpaka kwenye nyusi. Kuna ubao mpya, bado mtupu, umesimikwa tayari kwenye nguzo, na yeye amesimama katikati ya barabara, pikipiki zinampigia honi.

"Gundi! Njoo usimame hapa. Wewe ni mgeni, mtoto wako anaumwa, umetokea stendi. Unatazama wapi kwanza?"

"Natazama pikipiki isinigonge."

"Sawasawa kabisa! Kwa hiyo bango likikaa juu vile hulioni." Akaandika kwenye daftari. "Wewe wa kumi na nne. Kumi na moja kati yenu hamtazami juu. Chuoni walitufundisha hili mwezi wa pili tu, nikaandika kwenye daftari, nikafaulu mtihani, halafu nikafunga daftari."

Alikuwa na picha za kila hatua: bango la zamani lilivyokuwa, michoro minane ya penseli aliyoikataa, nafasi kati ya herufi aliyoipima kwa rula. Mshale safari hii aliuchora papo hapo mbele yangu, akiwa amesimama mbele ya nguzo yenyewe. Alipomaliza, muuguzi mkuu akatoka, akalisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, akageuka kulia, akaingia zahanati yake mwenyewe, akatoka tena. "Linafika," akasema.

Ijumaa tukafunga mabanda. Mimi nilivaa viatu vya mteja mmoja, Mungu anisamehe, vilikuwa tayari na yeye hajaja. Karani alivaa suti ya kustaafia. Getini mlinzi akatusimamisha.

"Mmekuja kwa shughuli gani?"

"Maonesho ya mwaka wa kwanza," Karani akasema. "Sisi ni wazazi."

"Mtoto wenu ni yupi?"

Wakati uleule Brashi akatokea ndani kuja kutupokea, mvi zake zimechanwa vizuri. Shangazi akamnyoosha kola. "Huyu hapa," akasema. Mlinzi akamtazama mtoto, akatutazama wazazi, akafungua geti bila swali la pili.

Ndani, kila mwanafunzi ana meza, na kila meza ina kompyuta inayong'aa. Vitu vinaruka, vinazunguka, muziki unapiga, kama alivyosema. Meza ya Brashi ilikuwa na ule ubao wa zamani, umeegemezwa ukutani na tundu zake za misumari, na picha zilizochapishwa zikapangwa mbele yake. Mwalimu, msichana mwembamba mwenye miwani, akafika na daftari, vijana wa darasa nyuma yake.

"Karibu, mzee wangu. Tuoneshe."

"Hii," Brashi akasema. "Hii nilikosea. Nilikosea miaka sita, nikawa napita njia nyingine ili nisiione." Akaeleza yote: upande wa barabara, aibu, mama na mtoto. Hakuficha hata jeneza. Kijana aliyekuwa anapiga muziki akauzima.

"Na mwaka huu umejifunza nini?" mwalimu akauliza.

Brashi akafikiri. "Miaka yote niliandika nikiwa nimesimama nilipo mimi. Msomaji hasimami hapo. Anasimama barabarani, ana haraka, na ana shida yake. Hicho tu."

Mwalimu akaandika, mistari mingi, akapiga mstari wa mwisho kwa nguvu. "Ubao huu," akasema, "utauacha darasani? Nataka wanaokuja mwakani wauone siku ya kwanza."

Kinyozi akaanza kupiga makofi peke yake, akiwa amesahau kwamba chuoni watu hunong'ona. Shangazi akaangalia dirishani, akasema kuna vumbi.

Jumatatu iliyofuata Brashi alikuja kijiweni amebeba fomu mkononi.

"Nimepita! Mwaka wa pili!"

"Hongera, gogo!" Kinyozi akamkumbatia. "Na hiyo fomu?"

"Mwaka wa pili unaanza na mafunzo ya kazini. Kila mwanafunzi anatafuta fundi wa kumpokea. Sasa wenzangu watatu wameomba kuja kwangu, wanataka kushika brashi kwa mkono. Chuo kimekubali, wameniandika kwenye orodha ya wanaopokea wanafunzi."

"Eeh! Mkubwa kabisa!" Karani akasimama kumpa mkono. "Lakini subiri. Na wewe pia ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Wewe utapokewa na nani?"

"Nimetafuta," Brashi akasema. "Mchora mabango wa mkono katika mji mzima nimebaki peke yangu. Ikabidi niandike barua ya kuomba nafasi kwangu."

"Ukajiandikia?"

"Kwa heshima zote. 'Ndugu Mkurugenzi, mimi ni mwanafunzi mwenye bidii.' Nikaipeleka bandani, nikaiweka mezani."

Shangazi akammiminia kahawa, kikombe kikajaa mpaka ukingoni. "Na wamekujibuje?"

"Bado," Brashi akasema, akanyoosha miguu. "Nimefika ofisini asubuhi nimekuta pamefungwa. Wanasema bosi yuko kijiweni, anakunywa kahawa."